Nilidhani Anasema Funga

Kulungu wa kwanza niliyemwona Guangzhou alikuwa wa sponji. Alining'inia kwenye reli ya pazia, ghorofa ya juu kabisa ya jengo moja la zamani karibu na soko la vitambaa la Zhongda, na ubavu wake ulikuwa umetobolewa na mishale mpaka umekuwa kama mkate ulioingiliwa na panya. Jicho lake lilichorwa kwa rangi nyeusi. Aliyelichora hakuwa fundi, lakini alifanya alivyoweza, na ukisimama mbali lilikuangalia kweli.

Sijui kama nina haki ya kuandika habari za upinde. Nimesoma mpaka darasa la saba, na upinde nimeushika kipindi kimoja tu cha baridi. Wapo watu wanaoujua. Nikikosea, kosa ni langu, si la walionifundisha.

Kazi yangu katika mji huu wa China ni kutembeza wateja. Watu wanakuja kutoka nyumbani kununua nguo, wengi ni mara yao ya kwanza, nawapokea, nawapeleka kwenye maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu, nasimama kati yao na muuzaji mpaka bei ipatikane. Baada ya hapo wapagazi wanafunga marobota, na mzigo unakwenda bandarini Huangpu. Ni kazi ya kuongea, lakini ukiifanya utagundua kwamba ni kazi ya kunyamaza. Muuzaji anagonga namba kwenye kikokotoo, anakugeuzia uone. Wewe unaangalia kama mtu anayeangalia mvua. Anafuta, anagonga nyingine. Bado unaangalia mvua. Mwenye kunyamaza zaidi ndiye anayeondoka na bei.

Mimi siwezi. Namba ikitokea tu, mdomo umeshafunguka. Siku moja nilikuwa na mama mmoja wa Njombe, mtu mzima, ameniambia kwa Kiswahili mwisho wake ni bei gani ili nijue pa kukomea. Tumeingia dukani, muuzaji hajasema lolote, hajakigusa hata hicho kikokotoo, nikakichukua mwenyewe nikagonga ule mwisho wa mama. Muuzaji akatabasamu. Yule mama hakunigombeza. Aliniangalia tu akasema, "Mwanangu, mbona umenimaliza?"

Rafiki yangu alikuwepo. Yeye ni Mzanzibari, anasafirisha vitambaa vya mapazia, na ana subira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Anaweza kukaa dukani mwa watu akanywa chai zao mpaka wao ndio waanze kumwomba anunue. Ananiita Mnyalu, kama wanavyotuita sisi wa Iringa, nami namwita yakhe kwa sababu yeye kila mtu humwita yakhe. Tulipotoka nje akaniambia nina gari zuri lakini halina breki. Kisha akasema yupo mtu anayefundisha breki, tena hapo hapo juu ya duka alilokuwa akinunulia mapazia.

Ndivyo nilivyopanda ngazi zile na kukutana na kulungu.

Mwenye ukumbi tulimwita laoban, kama tunavyomwita kila mwenye duka huku. Miaka mingi aliuza mapazia, na wateja wake wengi walikuwa watu wa kwetu, wa Dar na wa Unguja. Biashara ilipopoa alifunga duka la chini akabaki na ghorofa, na kwenye reli alizokuwa akitundikia mapazia akamtundika kulungu. Alijua maneno kadhaa ya Kiswahili yaliyobaki kichwani mwake kama vipande vya kitambaa vinavyobaki baada ya kukata: rafiki, bei, hakuna, mzigo. Na funga. Hilo alilijua kuliko yote, kwa sababu kutwa nzima wateja wake walikuwa wakiwapigia kelele wapagazi, funga, funga vizuri, funga tena. Naomba msomaji alishike neno hilo, maana ndilo lililoniangusha.

Siku ya kwanza alinipa upinde wa mbao, akanionyesha vidole vitatu vya kushikia uzi, akanionyesha kuvuta mpaka mkono uguse pembe ya mdomo. Nilivuta. Kabla sijamwona kulungu sawasawa mshale ulikuwa umeshaondoka, umegonga ukuta. Rafiki yangu alikuwa amekaa kwenye robota la mapazia anacheka.

"Nyie Wahehe watu wa mikuki," akasema. "Mkuki unaurusha. Mshale huurushi, yakhe. Unauachia wende zake."

Nilimwambia babu zangu waliwatoa jasho watu kwa hiyo mikuki. Akasema anajua, na ndiyo maana mpaka leo tuna haraka.

Basi nikawa mwanafunzi. Nilikwenda kila nilipokosa wateja, na kwa kweli kipindi kile nilikuwa nawakosa mara nyingi. Laoban hakujali kama umepiga au hukupiga. Alijali umepiga wakati gani, na hayo alinieleza kwa mikono na Kichina chepesi, mengine Mzanzibari akinitafsiria. Kulungu akikutazama usoni, usipige, mbele ni mfupa mtupu. Akikupa mgongo, usipige. Akisimama ubavu lakini mguu wa mbele umerudi nyuma, bado, maana bega limeziba. Unasubiri mpaka mguu wa mbele usogee mbele, ndipo nyuma ya bega panafunguka mahali kama kiganja, mapafu na moyo viko hapo, anaanguka bila kuteseka. Laoban alipaita pale mlango. Usipofunguka, unashusha upinde polepole na mshale wako unabaki nao. Alisema kushusha ni kugumu kuliko kuachia, na nilimwamini siku hiyo hiyo.

Kulungu wa sponji alikuwa na miguu ya mbele inayosogea, na alikaa kwenye pini, kwa hiyo laoban akivuta kamba mnyama anatembea kwenye reli huku anageuka. Sasa unamwona uso, sasa ubavu, sasa mkia. Mimi nilimpiga kote. Nilimpiga usoni, nilimpiga makalioni, siku moja nilimpiga kabla hajatoka nyuma ya pazia. Laoban alikwenda akauchomoa mshale kwenye pazia, akaliangalia lile tundu. Lilikuwa pazia zuri.

Katika nchi hii huruhusiwi kuwinda kwa upinde, na laoban hakutaka hata mzaha juu ya hilo. Mtu akimwelekezea upinde njiwa aliyetua dirishani, anafukuzwa ukumbini. Lakini mdogo wake ana shamba huko Nyuzilandi. Kulungu wanashuka milimani kula majani ya kondoo, na sheria ya kule inakubali wapigwe. Kila mwaka laoban huenda kwa mdogo wake mara moja na humchukua mwanafunzi mmoja. Mwaka huo wanafunzi wake wa siku zote walikuwa wamebanwa, mmoja na mtoto mchanga, mwingine na kazi mpya. Basi baada ya sikukuu ya mwaka mpya wao, maduka yalipofunguliwa tena, alituita mimi na Mzanzibari akatuambia nafasi ni moja, na atakayeiweza ndiye ataondoka naye.

Nataka niseme wazi jinsi nilivyoitaka nafasi ile. Sijawahi kutaka kitu hivyo tangu nifike huku. Haikuwa nyama, wala picha ya kutuma nyumbani. Nilitaka mara moja nisimame mbele ya kitu kilicho hai, nisubiri mpaka wakati wake ufike, ndipo nifanye. Niliona kwamba nikiweza kule, nitaweza na dukani. Na nikishindwa, basi huyu wa kuwamaliza wenzake ndiye mimi, na nitakuwa huyo mpaka narudi nyumbani.

Rafiki yangu naye aliitaka, na sababu yake haikuwa ndogo kuliko yangu. Alisema maisha yake yote amekula alichochinjiwa na wengine, anataka mara moja ale alichokitafuta mwenyewe kwa jina la Mungu. Kwao, ukitamka bismillahi wakati wa kuuachia mshale, mnyama ni halali. Na hiyo bismillahi ndiyo ilikuwa breki yake. Alivuta, akaitafuta moyoni, mshale haukutoka mpaka neno limekamilika. Laoban alilipenda sana jambo hilo. Aliniambia na mimi nitafute neno langu, lisiwe refu, liwe la pumzi moja.

Nilijaribu Baba Yetu. Nilipofika mkate wa kila siku mkono wote ulikuwa unatetemeka kama wa mgonjwa wa malaria. Nikajaribu amina, lakini amina ni neno la kumalizia, ukilisema tu mkono unadhani kazi imekwisha. Mwishowe nikamwamkia kulungu kwa Kihehe. "Kamwene," nikasema, kwa sauti ndogo, kama ninavyomwamkia mtu njiani nyumbani.

Mzanzibari alinisikia. "Unamwamkia?" akauliza. "Na akiitika je?"

Lakini lilisaidia. Nasema ukweli, lilisaidia kidogo. Ukimwamkia mtu, huwezi kumpiga papo hapo, lazima umpe nafasi ya kuitika.

Kilichonishinda ni laoban mwenyewe, ingawa si kosa lake. Kila nilipovuta alikuja nyuma yangu, akanigusa bega, akaniambia kwa sauti ya upole, funga, funga. Nami nilikuwa nafunga. Nilijua anatumia kile Kiswahili chake cha marobota kunirahisishia, nikaona ni heshima kubwa. Nilikaza vidole, nilikaza ngumi iliyoshika upinde, nilikaza mpaka meno. Akisema tena, nakaza tena. Mshale ulitoka umepinda, ukaenda unapokwenda. Anarudi, ananigusa bega, funga, funga, sasa kwa masikitiko. Nikawa narudi nyumbani vidole haviwezi kushika kikombe. Nilijiambia, sijafunga vya kutosha.

Nilikuja kuelewa Guangyuan Xilu, kazini. Tulikuwa tunashusha marobota kutoka ghorofa ya pili kwa kamba na kapi, mpagazi yuko chini anapokea, na mimi nimeshika mkia wa kamba juu kwa sababu mwenzake alikwenda kula. Rafiki yangu alikuwa chini naye, anangoja mzigo wake. Robota lilipofika karibu na kichwa cha mpagazi akapiga kelele, funga, funga! Nikafunga. Nikaizungusha kamba kwenye mkono. Robota likasimama hewani. Akapiga kelele zaidi, nikazungusha tena. Watu wakaanza kusimama. Robota linayumba, mpagazi anaruka anataka kulishika, mimi huku juu kamba inanikata ngozi na ninajivunia kwamba sijaliachia.

"Mnyalu, achia!" rafiki yangu akaniita. "Anakwambia achia!"

"Anasema funga."

"Anasema *fang*. Fang ni achia, yakhe. Kichina hicho."

Nikaachia. Niliachia kama nilivyofunga, yote kwa mara moja, na robota likashuka kwenye maji ya barabarani likapasuka. Namshukuru Mungu mpagazi alikuwa ameruka pembeni. Alinitukana, na haki yake.

Nikashuka. Tukaanza kuokota suruali za watoto kwenye maji, mimi na rafiki yangu tumeinama, na nikamuuliza pale pale, polepole, maana nilikuwa naogopa jibu. Nilimuuliza, je, laoban anaponigusa bega ananiambiaje?

Aliacha kuokota. "Anakwambia *fangsong*."

"Maana yake?"

"Legea. Tulia. Jiachie."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Mie nilidhani wajua. Nikawa nastaajabu tu, huyu mbona kila akiambiwa alegee ndio azidi kukaza."

Sikumlaumu. Angejuaje ninachokisikia ndani ya kichwa changu? Na mimi ndiye niliyeishi mji huu miaka yote hiyo nikajua namna ya kusema bei na namna ya kusema sitaki, sikujua neno la kumwambia mtu atulie. Sikuwahi kulihitaji sokoni, wala hakuna aliyewahi kuniambia.

Tulipomweleza laoban alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha ghafla akaniangalia mikono. Akaichukua, akaigeuza, akaviangalia vile vidole vyenye sugu upande usiotakiwa. Akasema kuanzia leo hatatumia neno hilo, ataniambia kwa lugha yangu. Nikamfundisha legea. Kinywani mwake likawa leje-ya. Alilisema kwa bidii sana, akanigusa bega, leje-ya, leje-ya, na rafiki yangu akageukia ukuta asionekane anacheka.

Siku kadhaa zilizofuata nilipiga vizuri. Nakumbuka jioni moja kulungu alikuja uso, nikashusha. Akaja mkia, nikashusha. Akaja ubavu, mguu ukasogea, nikamwamkia, vidole vikafunguka vyenyewe kama mtu anayefungua kiganja kuonyesha hana kitu, na mshale ukaingia mlangoni. Laoban alikwenda akamshika kulungu asiendelee kuyumba. Nilikwenda nyumbani kwa miguu jioni ile badala ya kupanda treni, kwa furaha. Naliandika hili kwa sababu lilitokea, ingawa halikutokea tena.

Maana mkono haujui Kichina wala Kiswahili. Ulikuwa umefundishwa kufunga muda wote ule, na mimi nikatumaini kwamba nikiuambia umekosea utasahau. Kesho yake ukakaza. Keshokutwa ukalegea, halafu ukakaza. Sasa sikuwa na ile haraka ya zamani, ambayo angalau ilikuwa yangu. Nilikuwa na kitu kingine: nilivuta, nikafika, nikaganda.

Siku ya mtihani ilikuwa mwezi wa tatu, ule msimu ambao kuta za Guangzhou zinatoka jasho, sakafu inateleza, na kitambaa ukikiacha wazi kinanuka uvundo. Laoban alikuwa amepangusa sakafu mara nyingi na bado ilikuwa na maji. Alisema kila mtu atapitishiwa kulungu mara tatu. Hakutuambia ni mara ipi mlango utafunguka, au kama utafunguka.

Alianza Mzanzibari. Kulungu alitoka nyuma ya lile pazia lenye tundu langu, akaja uso. Akavuta, akamtazama, akashusha. Mara ya pili akaja ubavu, bega limeziba. Akavuta, nikaona midomo yake inaanza, kisha ikanyamaza, akashusha. Mara ya tatu mguu ulisogea, midomo ikamaliza ilichoanza, na mshale ukawa umeshasimama kwenye sponji kabla sijausikia. Alirudi akakaa kwenye robota lake. Hakunitania, na hapo nilijua anaiona nafasi ile kubwa kama ninavyoiona mimi.

Nikasimama mimi.

Kulungu alikuja na mkia. Nilivuta. Nilikaa. Akapita, nikashusha. Nilimsikia laoban akiguna kwa kuridhika. Akaja tena, uso, nikavuta, akapita, nikashusha, na rafiki yangu akasema taratibu, "Haya." Wote wawili walidhani nasubiri. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba vidole havikuwa vinasubiri kitu. Vilikuwa vimekwama. Kama kulungu angekuja na mlango wazi mara zote mbili, ningeshusha vile vile.

Mara ya tatu akatoka ubavu. Alikuja polepole, laoban aliivuta kamba kwa huruma, naweza kusema hivyo. Mguu wa mbele ukaondoka, ukasogea, mlango ukafunguka mpana mbele yangu. "Kamwene," nikasema. Vidole vikakaa. Nikasema tena. Kulungu alikuwa karibu kufika mwisho wa reli, na laoban, naye ni binadamu, alitaka niweze. Nadhani alitaka kuliko nilivyojua. Akasahau. Akasema kwa sauti ya chini, ile ya siku zote:

"*Fang*."

Nililisikia, na nilijua maana yake kama ninavyojua jina langu. Na mkono ukafunga.

Kulungu alifika mwisho wa reli, akagonga, akabaki anazunguka kwenye pini yake, uso, ubavu, mkia. Nikashusha upinde.

Laoban aliacha kamba akaja kwangu. Akasema kosa ni lake, neno limemtoka, nirudie. Rafiki yangu naye akasimama akasema nirudie, ni haki yangu. Nilifikiri kidogo. Sikutaka kusema haraka, jambo ambalo lingekuwa la kuchekesha kama mtu angelitazama kutoka nje. Nikawaambia Mzanzibari hakurudia, na kulungu wa milimani hatarudishwa na kamba.

"Lakini mbili za mwanzo ulisubiri vizuri," laoban akasema. Rafiki yangu alinitafsiria, ingawa nilikuwa nimeelewa.

"Sikusubiri," nikamwambia. "Vidole havikufunguka tu."

Akaniambia jambo, nami nikaomba nitafsiriwe neno kwa neno. Alisema mwindaji ambaye haachii hajeruhi mtu, na kwamba amewahi kuwachukua watu wabaya kuliko mimi. Halafu akasema lakini mnyama akisimama vizuri mbele yako, na umekuja mpaka pale kwa ajili yake, kuna siku kutokupiga nako ni kutokuwepo. Hakulisema kwa ukali. Akaenda kuandika barua ya mwaliko kwa jina la rafiki yangu.

Njiani Mzanzibari aliniambia niende mimi, yeye atamwambia laoban amepata mzigo wa haraka. Alisema kweli, angefanya. Nikamwambia asinifanye ombaomba. Tulipofika kituo cha treni akasema, "Basi nipe neno lako nikalitumie." Nikampa. Alilijaribu, lafudhi ilikuwa ya ajabu, kama mtu wa Unguja anayeigiza ngoma ya kwetu.

Walikwenda. Siku zile nilipita mara moja chini ya jengo la ukumbi nikaona dirisha limefungwa, sikupanda. Kisha rafiki yangu akanitumia picha. Kulungu wa kweli, amesimama ubavu kwenye majani yaliyoungua na baridi, mguu wa mbele umetangulia. Huwezi kuona mlango ulio wazi kuliko ule. Chini ya picha alinitumia ujumbe wa sauti, upepo mwingi.

"Huyo ndiye, yakhe. Nimevuta, nimesema bismillahi yangu nusu, nikakumbuka amana yako. Nikamwamkia. Kamwene. Basi kageuka, kanitazama, kaondoka zake. Umeniponza, Mnyalu." Na akacheka.

Nimeusikiliza ujumbe ule mara nyingi. Siwezi kujua kama ni kweli. Inawezekana kulungu alisikia sauti akakimbia, na rafiki yangu akapoteza kitu alichokitaka maisha yake yote kwa sababu ya salamu yangu. Inawezekana pia alimpiga, akamla kwa jina la Mungu kama alivyotaka, na hii ameitunga ili nisijione peke yangu. Ni mtu wa kufanya lolote kati ya hayo mawili. Aliporudi sikumuuliza. Laoban naye sikumuuliza, kwa sababu sijapanda zile ngazi tena.

Nilidhani angalau haraka imenitoka. Na kweli imenitoka. Juma lililopita nilimpeleka Zhongda kijana mmoja wa Mbeya, anatafuta kitambaa cha sare za shule, na tukakipata, rangi ile ile, uzito ule ule. Muuzaji alikuwa mwanamke. Akagonga namba akatugeuzia. Nikanyamaza. Akafuta, akagonga nyingine, ndogo. Nikanyamaza. Akagonga ya tatu, na mteja wangu akanigusa kiwiko, maana ilikuwa chini hata ya ile aliyokuwa anaiota. Niliiona. Nilijua ndiyo yenyewe. Nikafungua mdomo na neno halikutoka. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, umekunja ngumi.

Yule mwanamke alisubiri, na kwa haki nitasema alisubiri kuliko wanavyosubiri wengi. Kisha akafuta. Nyuma yetu walikuwepo Wakongo wawili. Akawageuzia kikokotoo wao, wakasema ndiyo papo hapo, wakachukua chote kilichokuwa dukani.

"Kaka," kijana akaniuliza, "mbona ulinyamaza?"

Nikamwambia nilikuwa nasubiri.

"Ulikuwa unasubiri nini?"

Tukatoka kukitafuta kitambaa kile kwenye maduka mengine, ngazi hii juu, ngazi ile chini, na kila tulipouliza tuliambiwa *meiyou*, hakuna. Tulizunguka mpaka wakaanza kushusha milango ya chuma, wanafunga.